Kona Niliyoiruka

Dari lile nalijua. Nililipaka mimi,
mwaka ule ziwa lilipopanda likalamba vibanda vya Kirumba:
koti mbili za nyeupe, rola kwenye mpini mrefu,
shingo nimeipinda kama korongo anayemeza sato.
Safari hii nililala chini yake, chali,
shati limevuliwa upande mmoja,
na nikaiona ile kona.

Daktari Kokushubira hakuangalia dari.
Alitazama kioo chenye picha ya mawimbi,
si ya ziwa, ya bega.
"Kano yako, Mzee Lushinge, imechanika nyuzinyuzi,
kama kamba ya katani iliyosuguliwa na ukingo wa jiwe."
Mimi mtu wa Bugarika, mawe nayajua:
kubwa limekalia dogo tangu enzi za mababu,
hujui limeshikwa na nini
mpaka siku litikisike.

Akanitoa damu, kichupa kimoja, akaipeleka mashineni izungushwe.
Nikacheka. Miaka thelathini kazi yangu ni kukoroga
rangi isijitenge ndooni, mazito chini, maji juu;
pale wanalipwa kwa kutenganisha.
Ikarudi imegawanyika. Wekundu umezama,
juu pana njano,
njano ile wateja wa Kapripoint huiita siagi.
"Hii ndiyo dawa," akasema. "Ni wewe mwenyewe."

Mimi mwenyewe, kwa laki tatu na nusu.
Niliuza ngazi
ili lipone bega la kupandia ngazi.
Mbuke wangu aliposikia hakusema neno,
alihesabu noti, akalamba kidole, akahesabu tena.

Sindano iliingia polepole. Sitadanganya:
nilimtaja mama, nikamtaja na bibi.
"Wiki hizi usimeze vidonge vya maumivu," akaniambia.
"Liache livimbe. Uvimbe ndio fundi.
Ukimfukuza, nani atajenga?"
Nikamuuliza, nitapona?
Akavua glavu, moja, kisha ya pili.
"Wengine hupona. Wengine hurudi hapa. Sikuuzii ahadi."
Nikampenda kwa hilo. Mimi nami sijawahi kumwahidi mtu
kwamba rangi itaushinda unyevu.

Siku nne bega liliwaka kama jiko la mkaa.
Nililala nimeketi.
Wiki ya tatu nikaifikia swichi ya taa.
Ya saba, kamba ya kuanikia nguo.
Juu ya hapo pana mlango, bado umefungwa,
naubishia hodi kila asubuhi
kwa kupandisha vidole ukutani, kimoja kimoja, kama buibui mzee,
na Mbuke anaweka alama ya penseli walipoishia.

Lakini ile kona, daktari.
Upande wa dirisha, juu ya pazia,
saruji tupu, upana wa kiganja.
Siku ile mkono ulikataa kupanda.
Nikashuka, nikasema nitairudia kesho,
nikapokea hela yote.

Wewe hukuiona. Kazi yako kuinamia watu.
Mimi nililala pale nusu saa nzima,
inanitazama.