Fomu ya Kujiunga

Kwenye fomu waliuliza: ujuzi wako ni upi?
Nikaandika: kutembea.
Miaka thelathini na minne nimebeba barua za mji huu wa Hokkaido,
kutoka stesheni hadi kiwanda cha sukari kilichofungwa.
Nazijua anwani zote, hata za nyumba zilizokwisha kuanguka,
na sijapata kuvuka kizingiti hata kimoja.
Bi. Kuwabara, mweka hazina, alinitazama juu ya miwani,
akagonga muhuri.
Yeni elfu tatu kwa mwaka. Stakabadhi baadaye.

Nisiseme uongo: sikujiunga kwa huruma.
Msimu wa baridi uliopita, mgongo umenilaza,
nilisikia nyayo juu ya dari.
Watu wanne, sikuwaita, wanakata theluji ya paa langu
mapande mapande, wanaitupa uani.
Nilipojikokota hadi dirishani walikuwa wamekwenda.
Walisahau ngazi. Wakaifuata kesho yake,
nami nikajifanya nimelala.
Asante ikichelewa
hugeuka mfupa kooni.

Tunakutana ghorofani, juu ya duka la dobi.
Mvuke wa pasi hupenya sakafuni,
basi mambo mazito tunayajadili
tukinukia mashuka ya watu.
Tuko kumi na wanne. Zamani, wanasema, walikuwa sitini,
na walikuwa na bendi.
Kikao changu cha kwanza kilimaliza dakika arobaini
kubishania tununue kamba mpya
au mchele wa karamu ya kufunga mwaka.
Kamba ikashinda kwa kura moja.
Nilikuwa bado sina haki ya kura;
mkono niliunyoosha hata hivyo,
na hakuna aliyehesabu upya.

Wakanipa kizibao cha njano. Ndani, kwenye ukosi,
jina limeshonwa kwa uzi mwekundu: Nishiyama.
"Hakihitaji tena," alisema Tatsuhiko,
kijana wetu, mwenye miaka hamsini na miwili.
Kinanibana kwapani.
Huyo Nishiyama nilimjua kwa bahasha za hospitali tu,
ambazo mwishoni zilikuja kila wiki,
kisha zikakoma.

Jumamosi tukapangiwa kwa Bi. Sugawara.
Namba saba. Kisanduku cha bluu, kutu kwenye bawaba.
Miaka tisa sikumtilia humo
ila matangazo ya miwani na karatasi za kodi.
Na bado kila asubuhi alisimama mlangoni,
nami nikipita nilipunguza mwendo,
nikainamisha kichwa
kana kwamba kosa lilikuwa langu.

Haba na haba hujaza kibaba;
theluji nayo, haba na haba, huvunja boriti.
Yake ilikuwa imefika kimo cha mtoto wa shule.
Kamba mpya kiunoni, koleo mkononi,
nilichimba mpaka nikaliona bati,
jekundu, nisilowahi kujua kuwa ni jekundu,
maana mimi na nyumba hii tulijuana kwa mlango tu.

Mlango ukafunguka.
Akainua uso, kiganja juu ya macho.
Kizibao hakukiona. Labda alitambua namna ninavyosimama,
bega moja chini, la mkoba.
"Bwana Posta! Umeniletea nini leo?"

Mkono wangu ukapapasa ubavuni.
Hakuna kitu.
Tatsuhiko akacheka kutoka upande wa pili wa paa:
"Mwambie umemletea paa!"
Sikusema. Nilishuka ngazi, kipago kwa kipago,
nikamkuta amekwisha kupanga ndara za wageni,
jozi tano, visigino vikinielekea.

Nikainama kufungua viatu.
Mafundo yalikuwa yameganda; yalichukua muda.
Yeye akangoja tu, ameushikilia mlango,
na joto lote la nyumba linatoka nje.