Saa Moja

Zamu yangu huisha watu wanapoanza kuhesabu.
Saa moja: jua limeshashika bati za Makole,
nami natoka wodi ya watoto njiti
na miwani meusi ya Sabasaba usoni,
naikwepa nuru kama mdaiwa.

Usiku kucha nimekaa chini ya taa nyeupe,
na chini ya ile ya buluu tunayowalazia wenye manjano.
Tunawafunga macho kwa kitambaa cha pamba,
upana wa vidole vyangu viwili.
Hawana usiku bado, hawana mchana;
hulia saa nane, hulia saa nne, kwao yote mamoja.
Ikifika saa tatu nazima taa za ukutani
ili miili ijue: hili ni giza, lina jina lake.
Dokta Mwaluko hunitania:
"Unawafundisha usiku, wewe umeusahau."

Kweli.
Nyumbani Nkuhungu nimetundika blanketi dirishani,
tundu la msumari kwenye bati nimeliziba kwa bazoka.
Hata hivyo mshale mmoja wa nuru hupenya,
hutembea ukutani kutoka kalenda hadi kwenye beseni,
nami naufuata kwa macho: saa tatu, saa tano, saa saba.
Njaa huja wakati wa kulala.
Usingizi huja nimeshika bomba la sindano.
Mwezi wa nne huu hedhi imepotea njia.
Peresi ananiambia ninywe kahawa. Nakunywa.
Moyo unadunda kama mashine ya kusaga, macho yamelala.

Likizo ya siku kumi nikaenda Kongwa, kwa mama.
Vikope vilimla macho kabla sijavunja ungo:
kope ziligeukia ndani, zikakwangua kioo cha jicho
hadi kikawa kama chupa iliyosagwa na mchanga wa korongo.
Sura yangu haioni. Ananijua kwa viatu.
Lakini alfajiri anakokota kigoda mpaka uani,
anauinua uso mashariki kama mtu anayenyolewa,
na bila redio, bila jogoo
(jogoo tulimla Pasaka),
anasema: "Imeshagonga moja. Bandika chai."
Naangalia simu. Simu inasema saba na dakika mbili.
Mama na lugha yake wameshapatana:
jua likitoka, moja.
Nani angeanza kuhesabu gizani, katikati ya usiku,
asipokuwa mlinzi au nesi?

Niliyasoma haya chuoni, nikajibu mtihani, nikayasahau:
nyuma ya jicho zipo chembe chache
zisizo na habari na sura wala herufi.
Zinapima mwanga tu, kama karani wa mizani ya zabibu,
na hesabu zinaipeleka ndani ya ubongo,
kwenye kijidonge kisichozidi punje ya mchele,
nacho kinaamuru: joto, panda; njaa, amka;
wewe usingizi, subiri.
Kioo cha mama kimechafuka; karani wake yuko kazini.
Mimi kioo ninacho.
Karani nimemvurugia daftari.

Siku ya tatu nililala saa mbili, pamoja na kuku.
Siku ya sita niliamka kabla kigoda hakijakwaruza sakafu.
Tukakaa wawili, nyuso mashariki,
vumbi likitupiga puani.
"Unalia?"
"Jua linachoma."
"Si ufumbe macho? Mimi ndivyo nifanyavyo."
Akacheka peke yake, kwa muda mrefu.

Jumatatu nimerudi zamuni. Saa tatu nimezima taa.
Mtoto wa Damari, kilo moja na robo,
amenung'unika kidogo, akaacha.
Asubuhi nimeivua miwani,
kutoka getini hadi kwa mama wa vitumbua,
hatua arobaini na mbili, uso wazi.
Kisha nimeivaa tena.
Nina deni la kulala.