Chuchu Kumi na Nne

Nguruwe jike ana chuchu kumi na nne.
Usiku ule wa Novemba alizaa watoto kumi na tisa,
ukungu umeikaba Jutlandi yote
hata mapanga ya mitambo ya upepo hayaonekani,
yanasikika tu, fyu, fyu, juu ya paa la banda.
Nilikuwa na miaka kumi na sita, buti za baba mguuni,
nikihesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea:
kumi na tisa toa kumi na nne.

"Watano," baba alisema. Akawachukua yeye
ili nisije nikawachukua mimi.
Nilitazama ukuta.
Sakafu ndiyo iliyofanya kazi.

Mama yao hakugeuka kuona.
Chuma kulia, chuma kushoto,
kizimba kimemkaa kama sanda aliyoshonewa mzima,
anasimama, analala, anasimama,
na kugeuka
ni jambo alilowahi kusikia tu, labda, kwa damu yake.

Leo nina ishirini na tatu, natengeneza baiskeli Aarhus.
Nimerudi nyumbani kwa mkesha wa Noeli.
Bibi Ragnhild ametoa tanurini paja
lenye ngozi iliyopasukapasuka kama barafu ya dimbwini,
viazi vimeng'aa kwa sukari ya kuungua,
na harufu, sitadanganya,
harufu iliniita kwa jina langu la utotoni.
Mate yakanijaa. Mwili haukuwa umepata habari.

"Nipitishieni viazi," nikasema. "Viazi tu."
Asger kaka yangu akacheka: "Umesilimu?"
Hapana. Hakuna kitabu kilichoniharamishia.
Nimejiharamishia mwenyewe,
na sasa sina wa kumwendea anihalalishie.

Bibi akaweka uma chini.
"Tove, huyu amekwisha kufa.
Usipomla, atafufuka?"
Nikakosa la kumjibu. Mpaka leo ninalitafuta.

Ningemwambia labda habari ya lile banda,
kwamba lina milango miwili:
huku anaingia mnyama, kule inatoka nyama,
na ile herufi moja inayodondoka katikati
haijawahi kuokotwa na mtu,
inafagiwa na samadi.
Lakini hayo hayasemwi mezani, mbele ya mishumaa.

Nikauliza swali dogo zaidi:
"Paja hili limetoka wapi?"

Kimya. Asger akakata kabichi iliyokwisha kukatwa.
Maana sote tunajua. Nyuma ya nyumba, penye mitufaha,
baba hufuga nguruwe mmoja kila mwaka,
mmoja tu, juu ya majani makavu,
humkuna mgongo kwa reki na kumpa jina.
Wa mwaka huu aliitwa Askofu.
Mabandani wamo elfu nne
na katika maisha yangu yote
hajawahi hata mmoja wao kufika meza hii.

Baba alikuwa akifuta kisu kwa kitambaa,
akifuta, akifuta.
"Wale ni wa benki," akasema.
"Huyu ndiye wangu."

Nilitaka kumwambia: basi, baba, wewe ndiye uliyetangulia kugoma,
mimi nimesogea mbele yako hatua moja tu.
Lakini mikono yake ilikuwa juu ya meza,
mikubwa, imepasuka kwa baridi,
na mkopo una miaka kumi na moja mbele.
Nikala viazi.

Saa nne akavaa koti akaenda kuwaangalia wanaozaa.
Hakuniita. Buti zangu zilikuwa mlangoni,
mtu amezipanga pamoja na zake.

Asubuhi, garini moshi, nikafungua furushi la bibi:
viazi, mkate mweusi, na chini kabisa,
ndani ya karatasi ya fedha iliyokunjwa kwa siri,
kipande cha ubavu.
Sikula. Sikutupa.
Nimekipakata mpaka Aarhus,
Askofu, magotini pangu,
bado ana joto.