Kiu, Kurasa Nne

Tulitoka Lindi saa kumi na moja alfajiri,
watu tisa ndani ya Noah ya watu saba,
kinanda kimelala magotini mwetu kama mgonjwa.
Chande, dereva, alisema gari ni zima.
Gari likamsikia.

Mnazi Mmoja, pancha. Jeki ipo, mpini wake haupo.
Mtama tukanywa chai, tukala mihogo ya kukaanga,
tukaondoka tukiimba,
kilomita sita mbele tukagundua
sauti ya pili haina Editruda.
Tulimkuta amesimama mlangoni mwa choo cha mgahawa,
mkoba kwapani. Hakutusemesha mpaka Nyangao.
Na Nyangao mkanda wa feni ukakatika.

Mwinjilisti Liponda akasema shetani hataki tufike.
Chande, kichwa ndani ya boneti, akajibu:
"Shetani hatujui. Ni mkanda wa elfu nane,
kamati ilikataa kuununua."
Alisokota kipande cha kitenge, akakifunga,
kikatufikisha Mwena, kikakata tamaa.

Hapo tukamwachia fundi gari, na kinanda ndani yake.
Mbele yetu mlima wa Makonde
umesimama kama deni.
"Saa moja tu," alisema kijana wa kutuongoza.
Saa ya huku haina dakika sitini.

Tulianza kupanda kwa wimbo.
Besi walinyamaza wa kwanza.
Katoni ya vitabu vya nyimbo ilihama bega kwa bega,
hakuna aliyeiomba mara mbili.
Kona ya tatu chupa zote za maji zilikuwa zinalia tupu,
na mimi, katibu, kichwani naandika ripoti:
*njia ya mateso, jua la Oktoba,
watumishi hawakurudi nyuma.*

"Tupisheni, jamani."
Wanawake sita, wametokea chini yetu,
ndoo za lita ishirini kichwani,
jani la mkorosho likielea juu ya kila ndoo maji yasimwagike.
Katambuga miguuni.
Walikuwa wanabishana bei ya korosho mnadani,
na hakuna aliyehema katikati ya sentensi.

Wa mwisho alisimama.
Alimtazama Liponda, aliyekaa juu ya jiwe, midomo myeupe.
Mwenzake akamsaidia kutua ndoo.
Kikombe cha plastiki, cha bluu, kimeng'oka mkono.
Tulikunywa wote tisa. Wengine tulirudia.

"Mnakwenda kwa nani?"
"Kwa Wakristo wa Nambungu."
"Wapo. Paulina jirani yangu ni wenu,
mie wa msikitini. Naitwa Somoe."
Kisha, bila ubaya wowote:
"Na mnawapelekea nini?"

Tukaitazama katoni.
Liponda akagusa mfuko wa shati;
humo mlikuwa na mahubiri juu ya kiu,
kurasa nne, pande zote mbili.

Somoe aliinama akaitazama ndoo
kama mtu anayetazama mshahara baada ya makato.
Haikufika nusu.
Akammiminia mwenzake kilichobaki,
akaifunika kichwa chake kwa ndoo tupu kama kofia,
akaanza kushuka
njia ile ile tuliyoipanda kwa saa mbili na nusu.

Hatukujua la kusema. Tulisema asante,
lakini kwa mgongo wake.
Editruda ndiye aliyetua katoni.
Akavua viatu vya kanisani, akavifunga kwa kamba, akavitundika shingoni,
akamfuata.

Walifika Nambungu giza limeingia,
Editruda bega lote limelowa, shingo haigeuki
(hadi leo akiitwa kwa nyuma hugeuka mzima mzima).
Jumapili Liponda alihubiri dakika saba.
Karatasi hakuzitoa.

Fomu ya kamati ina kisanduku:
*Idadi ya waliohudumiwa.*
Nikaandika tisa.
Waliniita kuuliza kama nimesahau sufuri.

Mkanda bado haujanunuliwa.