Pole ya Pili

Baba yangu miaka ishirini na sita
aliishi kwa neno moja lililorudiwa:
pole, pole.
Kwa Mjerumani mwenye fimbo mbili,
kwa bibi wa Kikorea aliyetapika Miriakamba,
pole pole,
meza kichwani, na juu ya meza trei ya mayai
ambayo, anaapa, halikupasuka hata moja.
Shingo yake mpaka leo haigeuki kushoto.

Mimi nikazaliwa na haraka.

Ngongongare wananijua: binti wa Eliamani,
yule anayekimbia wala hafukuzwi.
Kuna siku kijana wa bodaboda alinifuata hadi mtoni
anipe lifti ya bure, kwa huruma.

Leo saa kumi na mbili asubuhi, lango la Momela.
Askari Magesa na bunduki yake ya nyati
amesema wazi: "Mkataba wangu ni wa kutembea."
Basi amepanda gari la hifadhi, linanguruma nyuma yangu
gia ya kwanza, mpaka barabara ilipokwisha,
akanikabidhi kwa Mungu.
Baba kabaki kwenye kiti cha plastiki,
mkononi saa ya sekunde aliyoachiwa na mgeni,
kidole juu ya kitufe
kama mtu anayebonyeza kengele ya nyumba ya tajiri.
Nilisubiri aseme lile neno lake.
Hakusema.

Mitarakwa. Mbega. Ndevu za kijani matawini.
Mavi ya nyati, mabichi, yanafuka mvuke;
nikapiga makofi, nikaimba wimbo wa kipaimara
kwa sauti mbovu, maana nyati hapendi kushtukizwa.
Ngazi za magogo, ngazi, ngazi,
aliyezipima alikuwa na miguu mirefu.
Kambi ya kwanza mpishi akaninyooshea kikombe, nikakipita.
Kambi ya pili kifua kikaanza kudai kodi.
Kisha majivu: unalipa hatua mbili,
mlima unakurudishia moja, chenji.

Halafu mwamba.

Hapa hapakimbiliki. Mikono ikawa miguu.
Kushoto kreta, kulia hewa tupu,
mnyororo wa baridi kama ulimi wa chuma.
Jiwe niliyoliamini likang'oka,
nikalisikia likigonga, likigonga,
sikulisikia likifika.
Nikabandika shavu kwenye mlima. Magoti yakacheza yenyewe.
Na mdomo, bila kuniomba ruhusa, ukasema:
pole.
Nikasogeza kidole kimoja. Pole.
Ndipo nikaelewa si neno moja mara mbili:
la kwanza ni mwendo,
la pili ni la kumpa mtu aliyeumia.
Baba aliwapa wageni yote mawili, kila siku,
na ile meza kichwani.

Kileleni nilikaa kiasi cha kumeza mate.
Bendera ya bati ilikuwa inalia na upepo.
Ng'ambo, Kibo juu ya mawingu
kama jirani aliyejenga ghorofa na hakusalimii.
Nikageuka.

Kushuka sitasimulia, waulizeni kucha za miguu yangu.

Langoni nikamkuta amelala, kidevu kifuani.
Nikachungulia saa mkononi mwake:
sifuri, sifuri, sifuri.
"Nilikuwa nakuangalia unavyoondoka," alisema, macho bado mazito,
"kitufe nikakisahau."
"Sasa nimetumia muda gani?"
Akafikiri. "Chai nimeipasha mara mbili.
Ya tatu sijaifikia."

Nilikuwa nimesimama kushotoni kwake.
Nikazunguka kiti, nikachuchumaa upande wa pili
ambako shingo yake inafika.
"Pole, baba."
Moja tu, nikanyamaza.
Akasubiri, ni mazoea ya kazi, labda kuna nyingine inakuja.
Kisha akacheka kwa pua.
"Nimeshapoa," akasema,
akagusa birika kwa kiganja,
akainuka kulirudisha motoni.