Mgongo wa Ndahani

Miaka kumi na mmoja nilimjua kwa mgongo.
Mimi kipa, yeye beki.
Kati yetu hatua saba za vumbi
na namba tatu aliyoshonewa na mkewe
kwa uzi wa gunia la karanga.

Mama yake, kule Mvumi, alipoambiwa
"Ndahani siku hizi yuko kwenye gongo,"
alifunga safari hadi kwa mchungaji
kumwombea mwanawe aache kunywa.
Hakunywa. Alikaba.

Gongo lenyewe alilichonga fundi wa Majengo
kwa mti wa mkole, akalipinda kwa mvuke
juu ya sufuria ya kuchemshia mtama.
Uwanja wetu wa Kizota haukuwa na jani
hata la kumdanganya mbuzi.
Upepo wa Julai ukianza, mpira ulizama vumbini
ukaibukia miguuni pako ghafla
kama mtu anayekudai.

Washambuliaji wa Magereza walikuja wanne wanne.
Ndahani hakuwakimbilia.
Alirudi nyuma polepole, kama anayefunga duka,
akiwaachia mlango mmoja tu, ule mbaya,
kule kwenye kichanga karibu na bendera ya kona.
Wazee husema mji huu ulipata jina
siku tembo alipodidimia kwenye tope la kijito.
Tembo sikumwona.
Ila nimeona wanaume wenye mbio
wakididimia pale konani, mmoja baada ya mwingine,
wakitazama magongo yao kana kwamba yamewasaliti.

Hakuwahi kufunga goli.
Gazeti lilimwandika mara moja, likakosea jina.

Halafu goti.
Kila baada ya mechi alinunua barafu ya ubuyu
kwa mtoto mwenye kindoo,
akaifunga gotini na kitambaa cha kichwa.
Wekundu ulimchirizika hadi kwenye soksi,
abiria wa treni wakadhani tumetoka vitani.
Injinia mmoja mgeni, pale karakana,
alitusimulia kwamba kwao magongo huchezwa juu ya barafu.
Tukacheka, tukamwita mwongo.
Ndahani alilitazama goti lake.
"Hata kwetu," akasema.

Mwaka uliofuata goti lilikataa ngazi, likakataa baiskeli.
Akauza zabibu. Akaacha. Akafuga kuku, wakafa.
Kisha shule ya wasichana ya Chamwino
ikamwita awafundishe, kwa nauli na chai.

Jumamosi moja nilikwenda kutazama.
Nilikaa upande wa pili wa uwanja, penye jua,
na kwa mara ya kwanza, mechi ikiendelea,
nikamwona Ndahani kwa mbele.

Midomo ilikuwa ikihesabu.
Mpira ukivuka katikati, jicho la kushoto lilijifunga lenyewe.
Mshipa wa shingoni ulisimama kama kamba ya mbuzi.
Aliogopa.
Aliogopa mpira, aliogopa gongo, aliogopa goli,
na nikajua hakuanza leo.
Mimi nilipiga miayo nyuma ya mgongo huo.
Niliwahi hata kula karanga.

Dakika za mwisho, bila bila,
beki wake Nyemo, msichana mwenye miguu ya korongo,
aliacha mahali pake akapanda na mpira.
Ndahani aliinuka, filimbi mdomoni.
Benchi zima lilijua atamrudisha.
Hakupuliza.
Nyemo aliwapita wawili, watatu,
akagonga mwamba, mlio ukafika barabarani,
na wenzao wakarudi na mpira ule ule
kupitia pale alipotoka, wakatufunga.

Hakumgombeza.
Alimwita mtoto wa barafu, akanunua mbili,
moja akamfunga msichana kifundoni,
nyingine akamwambia, hiyo kula.

Jioni alibeba mfuko wa magongo begani
akaelekea stendi, akichechemea.
Nilikuwa na jambo la kumwambia, nimelipanga vizuri.
Nikajikuta nyuma yake, hatua saba,
nikimfuata, kimya, mahali pangu.