Saba kwa Tatu

Lugha yenu hunyambua: gawa, gawia, gawana,
gawanya, gawanyika, kila tendo na mkia wake.
Kwetu Ufini neno ni moja, jakaa,
na mama yangu alilitumia kama kisu cha jikoni
kikatacho mkate, na uzi, na hata ukucha.

Saimi, mgawa barua wa Ylikangas,
miaka thelathini na mmoja.
Theluji ikianguka alisukuma sleji kwa mguu mmoja,
mkoba begani, barafu kwenye kope,
huyu akampa deni lake, yule salamu zake,
na kwa uzito wa bahasha tu
alijua ni mlango gani asisimame.

Hilo lilikuwa jakaa la mshahara.
La Jumamosi lilikuwa la karata:
tano kwangu, tano kwa Arvi, tano kwa Raakel,
Raakel akichungulia kabla ya wakati.

La Jumapili lilikuwa la chanuo.
Alinibana kati ya magoti, akalowesha ncha,
akapasua njia kutoka utosini hadi kwenye paji.
"Tulia," alisema, "hapa ndipo maji yanapoachana."
Kwa maana nyumba yetu ilikaa juu ya mgongo wa nchi:
mvua ya paa la mbele ilishukia bahari ya magharibi,
ya paa la nyuma ilizurura maziwani
hadi ikachoka, ikaingia bahari ya kusini.
Ndivyo alivyodai.
Arvi alikojoa pande zote mbili
ili bahari zote zimjue.

Kisha, mwezi Machi, barafu ikiwa bado nene,
neno lilikuja limevaa tai.
Bwana Tiainen, mtu wa mirathi.
Cheo chake, kwa lugha yetu, ni mgawa kiota.
Aliweka kalamu tatu mezani, akakohoa.

Msitu ulipimwa. Sauna ikaandikwa thamani,
na moshi wake haukuandikwa.
Arvi alitaka upande wa ziwa.
Raakel alisema jambo kuhusu nani alimwosha mama
na nani alituma maua,
na tangu hapo kila mtu alizungumza na Bwana Tiainen tu.

Likabaki kasha la vijiko vya kahawa.
Vya fedha, vilikuwa vinane; kimoja kilizama kisimani
nami sijawahi kusema ni nani aliyekizamisha.
Saba kwa tatu.
Hesabu ya darasa la pili:
mbili, mbili, mbili,
baki moja.

"Kiuzwe," alisema Bwana Tiainen, "mgawane sarafu."
Arvi alikichukua, akakirudisha.
"Chukua wewe," Raakel aliniambia,
kwa sauti ya mtu asemaye, thubutu.
Tuliondoka. Sikuona nani alikitia mfukoni.

Mwaka na nusu hakuna simu iliyolia.
Halafu, Novemba, kwenye sanduku langu la barua,
bahasha nene, hati ya Arvi iliyolalia kushoto,
ndani kijiko, kimefungwa kwa gazeti la juzi.
Hakuna neno. Niligeuza gazeti pande zote;
bei ya mbao, matokeo ya mpira wa magongo.

Nilikorogea kahawa majira yote ya baridi.
Theluji ilipoyeyuka nilikifunga, nikampelekea Raakel.
Naye sijui alikaa nacho vipi,
ila Novemba iliyofuata Arvi alikuwa nacho,
kwa kuwa kilinirudia kimeng'arishwa.
Mwaka mmoja kilipotea wiki sita huko Oulu.
Hapo ndipo Raakel alipopiga simu, akauliza kijiko,
akauliza, kwa kuwa simu ilikuwa bado mkononi, na goti langu.

Leo ni zamu yangu kukituma.
Mgawa barua wa sasa ni kijana wa gari la njano,
Jooa, ana kipuli sikioni, hajui mtu.
"Kuna nini humu?"
"Baki," nikamwambia.
Hakuelewa. Akaipima bahasha kiganjani, juu, chini,
kama afanyavyo mtu anayejua mlango,
akaondoka nayo.